Naomba ushauri: visukuku vya kombe kutoka kisimani, Pemba

Assalaam alaykum ndugu zangu. Nipo Wete. Mafundi wanaochimba kisima chetu wametoa udongo mgumu wa kijivu unaobanduka tabaka kwa tabaka, na ndani mna visukuku kama kombe, vidogo, mistari ikianzia nchani na kutawanyika hadi ukingoni. (Wazee washasema ni gharika ya Nuhu, mjadala umefungwa.) Nimetia tone la siki, gamba likatoa povu, basi chokaa bado imo. Kipande nilichokirovya majini kimegeuka tope.

Najua gamba la brakiopoda (mnyama wa baharini mwenye magamba mawili, afananaye na kombe lakini si jamii yake) hugawika sawasawa katikati, la kombe aghalabu huenda upande. Yangu yote yamemeguka ubavuni, ndiyo tabu.

Je, nitazame alama gani nyengine kujua kama ni kombe au brakiopoda? Na vilivyobaki nivikaushe vipi visipasuke?