Brian Friel: tuanze na tamthiliya ipi?

Mwalimu wa Mikindani: Ndugu zangu, ninasimamia kikundi cha maigizo cha wanafunzi hapa Mtwara, na nimepata tamthiliya mbili za Brian Friel, mwandishi wa Ireland aliyefariki mwaka 2015, nazo ni Translations na Dancing at Lughnasa. Nimesoma kwamba alikuwa mwalimu wa hisabati mjini Derry hadi mwaka 1960, alipoacha kazi ili aishi kwa kalamu. Aliwezaje, na sisi tuanze na ipi?

Binti wa Lindi: Mwalimu, hakuacha chaki mikono mitupu, kwa kuwa jarida la The New Yorker la Marekani lilikuwa tayari linanunua hadithi zake fupi. Jukwaani alipata jina mwaka 1964 kwa Philadelphia, Here I Come!, ambamo kijana anayehamia Marekani anaigizwa na watu wawili, mmoja akiwa yule anayeonekana na mwingine moyo wake. (Kijana wa Newala anayefunga begi kwenda Dar es Salaam angeielewa bila kufafanuliwa.)

Ushauri wangu ni Lughnasa, ya mwaka 1990, aliyoitabaruku kwa wanawake watano wa Glenties, yaani mama yake na dada za mama huyo. Katika kijiji kimoja cha kaunti ya Donegal, Ireland, Agosti 1936, redio inayokatika-katika inapiga muziki. Maggie, mikono ikiwa imejaa unga, anajipaka usoni na kuanza kucheza, na mmoja mmoja dada zake wanamfuata. Kaka yao Jack, padri aliyerudi kutoka Uganda baada ya miaka 25, anatafuta maneno ya Kiingereza na kuyakosa, kwa sababu muda wote huo lugha yake ilikuwa Kiswahili.

Mzee wa Shangani: Hapo kwenye Kiswahili nina neno, binti yangu. Vijijini Uganda watu walisema lugha zao, na Kiswahili kilikuwa zaidi cha askari na wafanyabiashara, kwa hiyo nadhani mwandishi alikitumia kuonyesha umbali tu. Mimi ningechagua Translations, iliyooneshwa kwanza Derry mwaka 1980 na Field Day, kampuni aliyoianzisha pamoja na mwigizaji Stephen Rea. Ni mwaka 1833, wanajeshi wa Uingereza wanachora ramani ya Ireland na kubadili majina ya mahali, hata Bun na hAbhann inakuwa Burnfoot. Wanakijiji wanasema Kiayalandi na wanajeshi Kiingereza, lakini mtazamaji anasikia lugha moja tu. Kwa hiyo, mwalimu, usiwape wanakijiji Kimakonde na wanajeshi Kiswahili. Wote waseme Kiswahili, na bado wasielewane.

Mwalimu wa Mikindani: Shikamoo, mzee, nami nilikuwa nimekwisha kugawa sehemu za Kimakonde! Jumamosi tutajaribu onesho la Maire na luteni Yolland, wapendanao ambao hawana lugha ya pamoja na wanabaki kutajiana majina ya vijiji. Lughnasa itasubiri tupate wasichana watano wanaojua kucheza, na redio mbovu ninayo nyumbani.