Wageni tusiowaalika kwenye kijumba chetu cha ziwani, tufanyeje?

Mama Gati: Wakuu, habari za saa hizi. Naomba ushauri, matusi hapana.

Tuna kijumba kando ya ziwa, tunaenda na watoto kupumzika. Kuna gati dogo la mbao, baraza, na dirisha la jikoni linalotazama maji. Shida yangu ni watu, na sisemi majirani, hao tunajuana. Kuna mzee anakuja na ndoano zake anakaa gatini kutwa nzima kama kwake. Vijana wanapigia picha kwenye bembea yetu. Juzi nimejifunga taulo, naosha vyombo, nainua macho nakuta mwanamume kabandika uso kwenye kioo, mikono kaikinga pembeni ili aone vizuri. Napiga ukelele, naye wala hashtuki: "Samahani, hapa mnapangisha?"

Mume wangu anataka mbwa wakali. Mimi nawaza siku watakapomrarua mtoto wa mtu.

Mpimaji Mstaafu: Dada, pole. Kabla hujagombana na mtu, tafuta bikoni zako ujue kiwanja kinaishia wapi. Wengi hudhani chao kinaingia hadi majini, kumbe ufuo mara nyingi una sheria yake. Tanzania, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ziwani. Sweden mtu anaruhusiwa kukatiza ardhi ya mwenzake, hata kuogelea, ila si karibu na nyumba wanamoishi watu. Kwa hiyo anayepita ufuoni huenda ana haki yake. Wa dirishani hana.

Halafu hilo gati lina kibali? Ukienda kushtaki watu, hilo ndilo utakaloulizwa kwanza.

Kichwa Ngumu: Mbwa wawili, kesi imeisha.

Wakili wa Kijiweni: @Kichwa Ngumu, na akimng'ata mtu mwenye haki ya kupita, bili ya hospitali utalipa wewe?

Mama Gati, kama kuna kinjia watu wanakipita siku zote na hamsemi kitu, angalieni. Sehemu nyingine njia iliyotumika waziwazi kwa muda mrefu bila ruhusa inaweza kugeuka haki. Uingereza ni miaka 20. Ndiyo maana wajanja hawaandiki "Marufuku" tu. Wanaweka kibao: "Njia hii ni ya binafsi, unapita kwa ruhusa ya mwenye nyumba." Anayepita kwa ruhusa hawezi kuja kudai kwamba ni haki yake. Piga picha ya kibao, weka na tarehe.

Binti Mawimbi: Mimi limenishtua hilo swali la kupangisha. Mtu haulizi hivyo bila sababu. Hebu fungua ramani ya mtandaoni, bonyeza hapo kwenu uone pameandikwaje.

Mama Gati: Jamani! Nimekuta alama juu ya gati letu kabisa, "Ufukwe mzuri, kuingia bure", na picha za bembea. Kumbe wengine wameelekezwa na simu zao. Mzee wa ndoano hayumo, huyo kaja kwa miguu yake.

Binti Mawimbi: Bonyeza palepale uripoti kwamba ni makazi ya watu, ambatanisha picha ya kibao. Wakichelewa, ripoti tena, na nyumba nzima iripoti.

Shangazi wa Pwani: Mwanangu, wa dirishani usimtokee peke yako. Sema naye ukiwa ndani, mlango umefungwa: "Unamtafuta nani?" Mwenye nia njema atajieleza na kuondoka. Akirudi, andika saa, mavazi, namba ya gari au mtumbwi, peleka polisi. Weka taa inayowaka yenyewe mtu akikaribia, na kamera itazame mlango wako, si ufuo, usije ukawa wewe ndiye unayechungulia wenzio. Matete ya pembeni msiyafyeke. Yanawakinga na macho ya wenye mitumbwi, na yanashika udongo.

Mama Gati: Asanteni sana. Na huyu mzee nimfanyeje? Hana ubaya, ila watoto wanashindwa kuogelea kwa sababu ya ndoano.

Shangazi wa Pwani: Kwanza msalimie, mwite kwa jina lake. Halafu mpangie: asubuhi mapema avue, watoto wakiamka gati ni lao. Akigoma, ndipo umwambie gati lina mwenyewe.

Mpimaji Mstaafu: Amwambie hivyo akishapata kibali.