Nimeuziwa vifaa vya kuruka na mwavuli, mishono yake inatia aibu. Nifumue nishone upya mwenyewe?

FundiTurubai_Dom

Wakuu, heshima kwenu. Mimi ni fundi wa maturubai, Majengo hapa Dodoma, mwaka wa kumi na nne huu. Nashona mahema ya harusi na misiba, maturubai ya Fuso zinazobeba mahindi kutoka Kibaigwa, na viti vya daladala. Nina cherehani mbili, moja ya kawaida na moja nzito inayopenya turubai lililokunjwa mara sita. Nasema haya mjue kwamba nikizungumzia mshono sibahatishi.

Kuruka nilianzia Diani, Kenya. Nilikwenda kikazi, kuna watu walitaka vivuli vya ufukweni. Nilikaa wiki tatu, na kila siku nikiinua macho naona watu wanashuka mchangani na miavuli ya rangi. Wiki ya mwisho niliruka nimefungwa kifuani kwa mwalimu. Nikarudi Dodoma, nikadunduliza mwaka mzima, nikaenda kusomea. Leo nina miruko 38 na leseni ya A, ile usiyoipata kabla ya miruko 25.

Kinachonitesa ni vifaa. Kukodi kila mruko kunakomba mfuko, na begi la kukodi halijawahi kunikaa: nina mabega mapana na mapaja mafupi, mikanda inapanda mpaka inanikata kwenye nyonga. Ukiagiza vipya unapimwa kama unashonewa suti, unatuma vipimo, unasubiri miezi. Mwenzangu mmoja alisubiri hivyo, begi lilipofika mkanda wa kifua ulikuwa kama wa mtu mwingine. Na bei ya seti mpya, kwa hesabu zangu, inanunua bodaboda sita.

Kwa hiyo mwezi uliopita nikanunua vilivyotumika, kwa muuzaji wa nje ya nchi niliyempata mtandaoni, dola 1,900. Tangazo lilisema hali ni nzuri sana, mwavuli mkuu ni wa futi za mraba 190, kompyuta ya akiba ipo (kifaa cha kuufungua mwavuli wa akiba chenyewe ukishindwa), na akiba, yaani mwavuli wa pili wa dharura, imekunjwa. Mzigo ulipofika Dar nikaufuata na treni ya SGR, nikarudi nao siku hiyohiyo nimeupakata. Sikutaka hata kuuweka juu ya rafu.

Nikaufungua kwenye meza yangu ya kukatia. Kwa asiyejua: chini ya begi, usawa wa kiuno, kuna mfuko wa kitambaa kinachovutika. Humo hukaa kimwavuli kidogo. Ukifika kimo cha kufungua unakichomoa kwa mkono wa kulia na kukitupa kwenye upepo, nacho kinavuta pini na kuutoa mwavuli mkuu. Mfuko ule ni lazima ukibane. Wangu umelegea kama soksi ya mwaka juzi, na kuna mtu aliwahi kuushona upya. Mshono mmoja mrefu, mwingine mfupi, mwisho wa mstari hakurudishia, ameacha uzi unaning'inia. Nikakata ncha ya huo uzi nikaiwasha kiberiti. Nailoni ikipata moto inayeyuka na kuwa kitone kigumu. Huu ulishika moto, ukaacha majivu na harufu ya karatasi. Pamba! Uzi wa pamba kwenye kitu kinachoshikilia roho ya mtu. Kijana wangu wa kazi akishona hivyo begi la shule nafumua mbele yake.

Nikaendelea. Lebo ya mwavuli mkuu inasema 170, si 190. Mimi nina kilo 86, na vifaa nimevipima kilo 12. Jumla 98, yaani pauni 216. Chini ya 190 hiyo ni kama pauni 1.14 kwa kila futi ya mraba, na hata hapo mwalimu wangu alisema niwe mwangalifu. Chini ya 170 inakuwa 1.27, yaani mwavuli unakwenda kasi zaidi, na kwa miruko 38 hilo silitaki. Kompyuta ya akiba ni ya 2008. Kadi ya akiba mara ya mwisho ilisainiwa 2019.

Nimekasirika, wakuu, na kinachoniuma zaidi si pesa. Mchezo huu unatufundisha kukagua kila mkanda mara tatu kabla ya kuingia ndegeni, halafu mtu aliyefundishwa hivyohivyo anakaa mbele ya simu na kuandika "hali nzuri sana".

Ninachouliza: nifumue huo mfuko nishone upya kwa uzi wa nailoni? Pale mkanda wa paja unapoungana na wa nyonga kuna uzi umechomoza, naweza kupitisha mshono juu yake? Na akiba, niifungue nione kitambaa?

Mkunjaji_Diani

Kaka, salaam. Mimi nakunja miavuli mikuu huku Diani, mwaka wa sita. Yawezekana nimeshakukunjia.

Akiba usiifungue. Naanza na hilo kwa sababu najua mafundi, mkono unawasha. Mimi mwenyewe, miaka yote hii, akiba siigusi. Anayeifungua na kuikunja ni fundi miavuli mwenye leseni, na akimaliza anafunga pini kwa uzi mwekundu na muhuri wa madini ya risasi, kisha anasaini kadi. Marekani sheria inataka ikunjwe upya kila siku 180, hata kama haijatumika. Yako imelala tangu 2019. Ndani mna kimwavuli chenye springi kubwa, na ukiilegeza bila kujua hutaweza kuirudisha ilivyokuwa. Kisha kitambaa hakipimwi kwa macho. Fundi anakishika kwa vibano na kukivuta kwa mizani. Miaka ya 1980 kulikuwa na akiba za duara ambazo wavu wake ulikuwa na asidi, ikawa inakula nailoni kidogo kidogo. Ukizitazama zinang'aa kama mpya, na kitambaa kinachanika kwa vidole.

Mkanda wa paja, usipitishe sindano. Uzi wa pale ni mnene, nyuzi tano zilizosokotwa pamoja, na unashonwa kwa mashine yake na mchoro maalumu. Kila tundu la sindano linakata nyuzi za mkanda wenyewe. Ukishona juu ya mshono wa zamani unaweza kuwa umeongeza uzi na kupunguza mkanda. Hilo wewe unalijua kuliko mimi.

Mfuko wa kimwavuli ndio wa kuogopa sasa hivi. Ukilegea, kimwavuli kinaweza kutoka chenyewe umesimama mlangoni. Kikishika upepo kinakutoa nje kabla hujajiandaa, na mwavuli ukiangukia mkia wa ndege, ni ndege nzima hiyo, si wewe peke yako. Usiruke na huo mfuko hata mara moja.

Na kuna kitu hukukitaja. Ndani ya utepe unaounganisha kimwavuli na mwavuli mkuu hupita kamba nyembamba. Ndiyo inayokifanya kimwavuli kinywee baada ya mwavuli kufunguka, kisikuvute nyuma. Mara nyingi kamba hiyo ni ya Spectra, aina ya uzi wa plastiki wenye nguvu, na Spectra ikisuguliwa inapata joto na kusinyaa. Ikisinyaa sana, hata ukikitegesha kimwavuli, yaani kukiweka tayari kujaa upepo, kilele chake kinabaki kimevutwa chini na hakijai upepo. Unakitupa, kinakufuata nyuma kama leso. Kitegeshe, nyoosha utepe wote, utazame kilele kimekaa wapi.

Ile kompyuta sahau. CYPRES, aina maarufu ya kompyuta hizo, ya kwanza ilitoka Ujerumani 1991. CYPRES 2 za miaka kama ya hiyo yako ziliwekewa ukomo wa miaka 12 na nusu, zilizotoka baadaye ndizo zikafika 15 na nusu. Kazi yake ni kwamba ikiona bado unaanguka mita 35 kwa sekunde na umebakiza kama mita 225, inakata yenyewe kitanzi kinachoifunga akiba. Kifaa cha kazi hiyo hakitumiwi kikishapita muda wake. Ukipata nyingine, iwashe uwanjani siku ya kuruka, si nyumbani. Wewe unatoka mahali penye mita 1,100 na ushee juu ya bahari, na kile kifaa hujipimia ardhi pale kinapowashwa.

Mzee_wa_Kongwa

Nimesoma kijana wangu. Niliruka miavuli ya duara jeshini, ya kamba inayofungwa ndegeni, si hiyo yenu ya mstatili. Swali lako la mshono limenikumbusha mkunjaji wetu mmoja. Alikuwa hakubali mtu azungumze naye akiwa mezani. Hata salamu alikuwa haitikii. Akimaliza anaosha mikono, ndipo anakusalimia vizuri na kukuuliza habari za watoto.

Nakushauri jambo la huku kwetu. Nailoni na jua la Dodoma havipatani. Wewe mwenyewe unajua turubai la Fuso linavyokuwa baada ya misimu miwili. Usiutandaze mwavuli uani kuupiga picha, na usiuburute chini. Vumbi letu jekundu ni mchanga, linakula kamba polepole. Na mbigili zisikie tu.

Neema_Sgd

Pole kaka. Muuzaji umemwambia? Ulilipaje? Kama ulituma pesa moja kwa moja ni vigumu, ila mpelekee picha ya lebo ya 170 na tangazo lake la 190, hapo hana pa kukimbilia. Mdogo wangu alinunua kamera kwa njia hizi, pesa ikakaa kwa mtu wa kati mpaka akaikagua. Kwa kitu kama hiki nadhani vifaa vingeanza kwa fundi mwenye leseni, akague, ndipo ulipe.

Mwana_Chamwino

Mkuu, nakuheshimu, lakini una familia. Pesa hiyo na wasiwasi wote huu kwa ajili ya dakika chache angani. Kwa nini usiache?

FundiTurubai_Dom

Mzee, shikamoo. Nimekusikia. Mwavuli uko ndani, kwenye shuka, mbali na dirisha.

Mwana Chamwino, umeniuliza kwa nia njema, nakujibu hivyohivyo. Mke wangu aliniuliza swali hilo kabla yako. Nilimwambia kwamba siku nzima nashona vitu vya kukaa chini yake: hema, kivuli, turubai. Kule juu, mwavuli unapofunguka na kelele za upepo zinakatika, nainua kichwa natazama kitambaa. Naona mishono yote jua likiwa nyuma yake, mstari kwa mstari, na kila mmoja umebeba uzito wangu. Sijawahi kuiona kazi ya mikono ya fundi ikiwa wazi namna ile. Ndiyo sababu uzi wa pamba umeniumiza kiasi hiki.

Dada Neema, nililipa moja kwa moja. Kosa. Nimemtumia picha nne juzi, amesoma, hajajibu.

Mkunjaji, nilisoma jibu lako mara mbili na mara ya kwanza nilikukasirikia. Miaka kumi na minne ya sindano, halafu naambiwa nisiguse. Usiku nikachukua kipande cha mkanda wa kufungia mizigo, nikakishona, nikafumua, nikashona tena palepale mara tatu. Nikakifunga kwenye nondo nikakining'inizia mfuko wa saruji, halafu nikaruka juu yake. Kilikatika. Hakikukatika kwenye uzi. Kilikatika kwenye mstari wa matundu ya sindano, kama stempu. Basi, mkanda wa paja sigusi.

Kisha nikafanya ulivyosema kuhusu kimwavuli. Nimekitegesha, nimenyoosha utepe juu ya meza, kijana wangu ameshika upande mmoja. Kilele kimevutwa chini karibu kiganja kizima, kitambaa kimejikunja katikati kama kikapu kilichobonyezwa. Hilo nisingeliona kamwe, kwa sababu nilikuwa natazama mishono tu.

Mkunjaji_Diani

Kiganja kizima ni nyingi mno, kaka. Utepe wote na kimwavuli ubadilishwe, usijaribu kuurefusha.

Sasa hebu kagua pete tatu za mabegani, zile alizobuni Mmarekani Bill Booth miaka ya 1970 za kuuachia mwavuli mkuu ukiharibika. Zifungue, ukunjekunje mikanda yake kwa vidole mpaka ilainike, maana ikikaa miaka imefungwa hukakamaa na kushika umbo. Zile kebo za njano zinazozishikilia zichomoe uzifute. Huku tunafanya kila mwezi. Kwa vumbi la kwenu na begi lililolala tangu 2019, sishangai ukizikuta zinanata.

FundiTurubai_Dom

Zilinata. Ya kushoto ilitoka kwa kusitasita. Nimezifuta, kitambaa kimetoka cheusi.

Nimeamua hivi. Mwavuli wa 170 nauweka kando, sitauuza kwa mtu mpaka fundi auone na aandike alichokiona. Kompyuta haitaruka tena. Begi, mikanda na akiba nakuja navyo Diani mwisho wa mwezi kupitia Tanga na Horohoro, pini ya akiba haijaguswa, ili huyo fundi mwenye leseni avitazame. Akisema akiba imekufa, imekufa.

Mfuko wa kimwavuli nimeushona mfano wake, kwenye kitambaa kingine, nikiufuata ule wa zamani kipimo kwa kipimo, uzi wa nailoni, mishono sawa, nimerudishia pande zote. Siufungi kwenye begi. Nakuja nao mkononi aukague, na akikataa aniambie wapi. Naomba unisaidie kumuuliza kabla sijasafiri: kwa kile kitambaa kinachovutika yeye anatumia sindano namba 16 au 18? Mimi nimetumia 16.