Mayai 48, vifaranga 11: nimekosea wapi?

TeteaWaNjombe

Kamwene wadau. Naandika nikiwa na uchungu, naomba mwenye uzoefu anisaidie kabla sijaingiza mayai mengine.

Nipo Njombe mjini, nafuga kuku wa kienyeji, matetea 22 na majogoo 3. Mwaka huu niliuza viazi nikanunua mashine ya kutotolesha ya mayai 56, ile ya plastiki yenye feni na trei inayogeuza yenyewe. Nikaingiza mayai 48: 30 ya kwangu, 18 niliagiza Morogoro yakaja na basi. Kioo cha mashine kilisoma nyuzi 37.5 mwanzo hadi mwisho.

Siku ya 7 nilizima taa nikayamulika kwa tochi ya simu. Mayai 7 hayakuwa na mbegu, 41 yalikuwa na mishipa imetanda kama utando wa buibui. Siku ya 18 nikamulika tena, manne yameviza, 37 yakabaki. Nikatoa trei ya kugeuza, nikajaza maji mifereji yote miwili, nikafunga.

Siku ya 21 sikulala. Kimya. Siku ya 22 saa kumi alfajiri ndiyo nikasikia mlio wa kwanza. Kila aliyetoka nilimchukua haraka nikampeleka kwenye boksi lenye chungu cha mkaa, nikihofia njaa na baridi. Hadi siku ya 23 jioni walikuwa 11. Tisa walitoboa tundu dogo wakaishia hapo. Kumi na saba hawakutoboa kabisa.

Siku ya 24 nilivunja yote yaliyobaki. Wale tisa utando wa ndani ulikuwa umekauka, mweupe kama ngozi ya kitunguu, umewabana mpaka mbawa hazinyanyuki, na mdomo upo pale pale tunduni. Wale 17 walikuwa wamekamilika, kucha zipo, manyoya yapo, lakini tumbo kubwa laini na kiini cha njano bado kipo nje ya kitovu. Nililia. Mtu aliyeniuzia mashine anasema mayai yangu mabovu. Nimekosea wapi?

Fundi wa Soweto, Mbeya

Pole sana dada. Umeeleza vizuri, na hukukosea kuvunja. Wengi wanatupa bila kuangalia, halafu wanarudia kosa lile lile.

Kuchelewa kutoka siku nzima, tumbo kubwa, kiini hakijaingia: dalili hizo zinatembea pamoja na mara nyingi maana yake joto lilikuwa chini. Joto likizidi wanawahi, unakuta siku ya 19 au 20 wameanza kutoka, wadogo na dhaifu.

Utasema kioo kilisoma 37.5. Kioo kinasoma kile ambacho ule mkia wa waya unahisi, na mikia hiyo mingi inafika ikiwa imepishana na ukweli. Mimi nimefungua mashine nyingi hapa Mbeya na ni chache sana nilizozikuta ziko sawa bila kurekebishwa. Hizi zenye feni zinataka 37.5 ya kweli. Zisizo na feni ndizo zinakwenda 38.3 hadi 38.9, ukipima usawa wa mgongo wa mayai, kwa sababu hewa ya juu ni moto kuliko ya chini.

Fanya hivi mashine ikiwa tupu. Nunua duka la dawa kipimajoto cha homa, cha dijitali. Weka maji ya vuguvugu kwenye kikombe, yale ya kumwogeshea mtoto mchanga. Mkia wa joto ni ule wenye kichwa cha chuma. Ule wa unyevu usiutie maji, ukilowa umekufa. Funga mkia na kipimajoto pamoja kwa raba, ncha zilingane, koroga taratibu, soma vyote viwili. Rudia mara tatu. Ukipata tofauti, hiyo ndiyo ya kurekebisha.

Mama Wawili, Iringa

Mwanangu pole. Fundi amesema ya joto, mimi nakuambia ya wale tisa, kwa sababu na mimi niliwaua wangu hivyo hivyo msimu wa kwanza.

Ulifungua kifuniko. Umesema mwenyewe, kila aliyetoka ulimchukua. Mara 11 hizo! Kifaranga akishatoboa, ule utando lazima ubaki na unyevu mpaka amalize kuzunguka na kukata ganda, na kazi hiyo inaweza kumchukua saa 12, wengine hata 24. Ukinyanyua kifuniko kwenye baridi kavu ya huko Njombe, mvuke wote unatoka kwa mara moja. Wewe unamwokoa mmoja, wenzake wanakaukiwa.

Na hawana njaa, mwanangu. Kifaranga kabla hajatoka anakivuta kiini tumboni, ndicho chakula chake cha siku mbili. Hao wa siku moja tunaoletewa na mabasi kutoka Dar wanafika kwenye maboksi bila kula kitu na wanafika wazima. Mtazame tetea: wa kwanza wakitoka hanyanyuki, anakaa nao chini ya mbawa mpaka wenzao wamalize.

Mimi siku 18 za kwanza naacha unyevu asilimia 45 hadi 50, siku tatu za mwisho 65 hadi 70. Nikishafunga siku ya 18 natandika khanga juu ya kioo, maana nikiwaona mkono unaniwasha. Maji nikihitaji kuongeza, napitisha mrija mwembamba kwenye tundu la hewa, tena maji ya uvuguvugu. Na hilo tundu usilizibe. Wanapokaribia kutoka wanavuta hewa kwelikweli, na huko kwenu juu hewa ni nyepesi.

Kitu kingine, chungu cha mkaa ndani ya boksi. Acha upande mmoja wazi juu. Ile sumu ya mkaa haionekani wala hainuki, inawalaza tu.

Kijana wa Kihesa

Kati ya wale 11, wa Morogoro walikuwa wangapi? Na mayai yalikaa siku ngapi kabla ya kuingizwa?

TeteaWaNjombe

Niliyaandika kwa penseli. Wa Morogoro walitoka 2 kati ya 18. Yalifika saa moja jioni, saa mbili yalikuwa ndani ya mashine. Ya kwangu yalikuwa ya siku tano hadi kumi na mbili, niliyakusanya jikoni.

Kijana wa Kihesa

Basi hapo kuna mengine mawili. Yai lililosafiri lipumzishe usiku mzima, ncha nyembamba chini, ile hewa iliyotikiswa irudi mahali pake. Na Morogoro ni chini sana kuliko Njombe. Yai la bondeni ukilipandisha mlimani linapoteza maji upesi. Mimi ningetumia ya kwako tu. Lakini yasizidi siku saba, na yasikae jikoni. Weka chumba cha baridi, usioshe, usitie friji.

TeteaWaNjombe

Asanteni sana, na Mama Wawili shikamoo. Naleta majibu.

Nilipima kwenye kikombe kama fundi alivyosema. Mkia wa mashine 37.8, kipimajoto cha homa 36.7. Nimerudia mara nne, tofauti ni ile ile 1.1. Maana yake kioo kiliposoma 37.5, vifaranga wangu walikuwa kwenye 36.4. Siku zote 23. Nilikaa na kile kikombe mkononi mpaka maji yakapoa.

Nimepandisha sasa kioo kisome 38.6. Nimeingiza mayai 36, yote ya kwangu, hakuna la zaidi ya siku sita. Umeme ulikatika mara mbili, mara ya pili saa tatu nzima. Nilifunika mashine kwa blanketi, nikazungushia chupa za maji ya moto, tundu la hewa nikaliacha wazi.

Nimeanza pia kupima uzito kwa mizani ya jikoni, maana nimesoma kwamba hadi siku ya 18 yai linatakiwa lipungue asilimia 11 hadi 14. Namba 7 liliingia likiwa gramu 54, leo ni 47.2. Namba 15 kutoka 51 hadi 44.8. Yapo humo humo.

Leo Alhamisi ni siku ya 18. Siku ya 7 nilitoa mawili, leo nimetoa moja, 33 yanacheza ukiyamulika. Moja lilinisukuma kabisa kwenye kiganja. Nimejaza maji, nimefunga, khanga iko juu.

TeteaWaNjombe

Jumamosi, saa tano usiku. Wanalia ndani ya maganda, zaidi ya mmoja, na siku ya 21 bado haijaingia. Mume wangu ameomba aone, nimemkatalia. Sijafungua.