Nafanyia kazi kitandani na mgongo umekwisha, nina laki tatu, nianzie wapi?

BintiTabata

Wakuu habari za jioni. Naombeni mawazo ila msinishambulie maana nawajua 😅

Najibu wateja wa kampuni moja ya nje kwa laptop, huu mwaka wa pili nipo nyumbani tu, saa nne asubuhi mpaka saa moja usiku. Nimepanga chumba na sebule Tabata. Nilianza kukaa kitandani nikajiambia ni ya muda tu nitatafuta meza mwisho wa mwezi, mwisho wa mwezi gani sijui. Baadae nikahamia meza ya chakula na kiti cha plastiki, mabega yamepanda juu mda wote kama mtu anayeombewa. Sasa hivi kuanzia shingoni mpaka bega la kulia panawaka moto, nikiinuka nanyanyuka kwa awamu kama bibi.

Sebule dirisha linatazama magharibi, ikifika saa nane jua lote la Dar linaingia humo na juu ni bati na silingi bodi nyepesi. Jirani ana mashine ya kusaga. Umeme ndo huo mnaujua. Mfukoni nina 300,000. Ningependa pia pafanane na mimi kidogo, pasiwe kama ofisi ya serikali ya mtaa. Nianze na kiti, meza au nitafute feni nyingine (ninayo moja ya kusimama)? Mimi ni mfupi, sentimita 155, nasema tu maana naona viti vingi vinaniacha miguu inaning'inia.

Kakakuona22

Kiti kwanza dada, mengine baadae. Usinunue kile kipya cha bei rahisi cha kung'aa, sponji inalala ndani ya miezi mitatu. Tafuta mtumba wa ofisi, vile vya kuzunguka, Kariakoo vipo, changu nilichukua laki na kumi na hakijanisumbua. Ila ukifika usikikague kwa macho, kalia. Nyanyua mpaka juu kabisa halafu kaa hapo dakika kumi piga stori na muuzaji, ukiona umeanza kushuka taratibu ujue gesi imekufa, achana nacho hata akikupunguzia nusu. Pindua uone ule mguu wa nyota chini, ukiwa wa chuma vizuri, ukiwa wa plastiki angalia nyufa pale kwenye matairi. Na mgongo wa kiti ukubane pale kiunoni penye shimo, sio unaegemea hewa.

SeremalaMstaafu

Nakubaliana na hapo juu ila binti tatizo lako kubwa ni meza, umelitaja mwenyewe bila kujua. Nimechonga meza Keko miaka mingi. Meza nyingi za dukani ni sentimita 75 au 76 kwenda juu, anakaa mzee wa futi sita na wewe wa 155 unakaa hiyohiyo.

Fanya hivi, kaa kwenye kiti utakachotumia, nyayo zote ziguse sakafu, mikono ining'inie halafu kunja viwiko kama unaandika. Mwambie mtu apime kutoka sakafuni mpaka chini ya kiwiko. Wewe usishangae ikija 62 au 63. Ile tofauti ya sentimita 12 ndiyo inayokubebesha mabega. Nenda na hicho kipimo kwa fundi, usimwambie "meza ya ofisi" maana atakupa ya 75 aliyozoea.

Mbao: mninga ni mzuri lakini kwa laki tatu usiuguse. Miguu paini, juu plaiwudi ya milimita 18. MDF (ile bodi ya unga wa mbao uliogandishwa) ikimwagikiwa chai mara mbili inavimba kama andazi. Upana wa kwenda mbele usipungue sentimita 60 ili kioo kikae mbali na uso. Halafu kitu watu wengi hawajui, usiweke droo katikati. Meza ikiwa fupi droo inakula nafasi ya mapaja, ukikaa kiti hakiingii. Droo iwe pembeni au isiwepo.

Msafiri_KE

Mimi niko Kasarani. Wazee hiyo ya kuchonga meza mpya naona ni kutumia pesa bure, ako na meza tayari. Si anyanyue kiti tu viwiko vifike juu ya meza, halafu chini ya miguu aweke kreti ya soda, imeisha hiyo. Mimi hiyo pesa ningeweka kwa kibodi na mausi, juu hapo ndio shingo inaumia. Laptop ukiiweka kwa meza unaangalia chini siku nzima. Mimi nimeweka rimu tatu za karatasi chini ya laptop, rimu moja ni kama sentimita tano, juu ya kioo inakuja sawa na macho, halafu kibodi ya kando iko chini. Rimu pia ni poa juu ukimaliza karatasi unaprinti 😂

SeremalaMstaafu

Kijana kreti ni ndefu mno, magoti yatagonga chini ya meza. Anahitaji sentimita 12 tu. Achukue vipande viwili vya mbao ya inchi mbili kwa nne avisimamishe kwa ubavu apigilie ubao juu, amepata. Lakini hiyo ya rimu na kibodi naikubali, bila hiyo hata meza yangu haitamsaidia shingo.

PwaniMchangani

Salam jamaani, mimi wa Unguja. Mnazungumza mbao tu, huyu bibie anapikwa na bati hamumuoni. Dada, hamia chumbani. Kama sebule inatazama magharibi na chumba kiko upande wa pili basi dirisha lake liko mashariki, jua la asubuhi linakwisha mapema na wewe unaanza saa nne. Halafu upepo: kaskazi ikivuma, Disemba mpaka Machi hivi, inatoka upande huohuo wa kaskazini mashariki, na kusi inaingia kutoka kusini mashariki. Dirisha la mashariki linaokota zote mbili. Fungua na mlango wa sebule hewa ipite moja kwa moja, feni iweke ikusaidie tu kuivuta, ukiifungia chumbani peke yake inazungusha joto lilelile.

Meza usiiweke ukatazama dirisha wala ukalipa mgongo. Dirisha likae ubavuni. Ukilipa mgongo kioo kinang'aa, na kwenye mkutano wa video unaonekana kivuli kama shahidi anayefichwa.

DC_Fundi

Umeme: angalia kibandiko nyuma ya router, nyingi zimeandikwa 12V 1A. Tafuta ile UPS ndogo (betri ya akiba) ya router yenye 12V, inakupa masaa kadhaa, laptop ina betri yake, umeshavuka mgao wa kawaida. Ila soma kibandiko, ukiwa na router ya 9V ukaichomeka kwenye 12V utakuja kufungua uzi mwingine hapa. Na bando la akiba kwenye simu. LUKU nunua kabla haijafika mwisho, hilo sio la ufundi ni la akili tu.

Mashine ya kusaga: usidanganywe na mtu anayekuuzia mapazia mazito. Pazia linapunguza mwangwi wa chumba chako, mashine ya jirani halizuii. Tafuta hedifoni ambayo maiki iko karibu na mdomo, na uongee na jirani.

Mzee_wa_Mkeka

Laki tatu kwa ajili ya kukaa? Babu yangu kahesabu nazi za watu miaka arobaini kwenye mkeka na hakuwahi kuumwa mgongo.

Kakakuona22

@Mzee_wa_Mkeka babu yako alikuwa anainuka kila saa kupanda mnazi, huyu anainuka saa moja usiku. Tuliza.

BintiTabata

Nimerudi wakuu, wiki tatu zimepita, niliwaahidi mrejesho.

Kiti 115,000, cha kwanza nilichokalia kilishuka na mimi dakika ya nne, muuzaji anasema "kinapumua tu dada" nikaondoka. Meza 110,000. Nilipima kiwiko nikapata 63, nikamwandikia fundi kwenye karatasi, naenda kuchukua nakuta 66, eti "zinalingana tu". Nikatoa futi yangu nikakaa palepale karakana mpaka akakata. Kirikuu ya kubeba mizigo 15,000, kibodi na mausi 35,000, pazia jeupe la kuzuia jua 25,000. Mnaweza kujumlisha wenyewe, sijabaki na hata ya chai. UPS ya router mwezi ujao, rimu nimeazima stationari hapa jirani nazirudisha zikiwa nzima.

Kitanda nimekisogeza ukutani, kona iko chumbani dirisha la mashariki ubavuni. @PwaniMchangani saa tisa mchana sasa naweza kuvaa nguo ya kueleweka. Bega bado linaguna jioni ila asubuhi naamka halina kitu, na kwa awamu siinuki tena.

Jirani nilimfuata. Kumbe magunia makubwa anasaga Jumatatu na Alhamisi asubuhi, siku zingine ni debe debe. Nimeomba mikutano yangu ihamie Jumanne, wamekubali bila hata kuuliza. Miezi yote hiyo nilikuwa nanuna tu peke yangu.

Kuhusu kufanana na mimi, ukutani nyuma yangu nimetundika khanga, na mlangoni nina leso nyekundu, nikiitundika kwa nje mdogo wangu anajua hagongi. Ya ukutani niliipenda rangi tu sikufikiria maandishi. Jumanne nipo kwenye video na msimamizi wetu mpya, ni Mkenya, nikaona ananyamaza anasogeza uso karibu na kamera, anasoma taratibu: "Mtasema mchana usiku mtalala." Akaniuliza, "Hiyo ni yetu ama ni ya majirani?"

Nimeikunja maandishi yaende nyuma kwanza. Kama kuna mtu ana khanga ya bluu yenye maneno ya heshima anitumie picha.