Mfanyakazi amebadili jina: nifungue barua pepe mpya au nibadilishe hii hii?

fundi_wa_ofisi

Habari zenu wakuu. Kazini kwetu ninayeshughulika na kompyuta na akaunti za watu ni mimi peke yangu, kwa hiyo sina wa kumuuliza.

Dada mmoja wa uhasibu ameachana na mumewe na amerudia jina la ukoo wake. Idara ya utumishi imeshabadilisha kumbukumbu zake na barua rasmi ninayo. Sasa barua pepe yake, jina linaloonekana kwenye Outlook, hata jina analoingilia kwenye kompyuta, vyote vina jina la mume. Ameniomba jambo moja kwa msisitizo: hataki kulikuta lile jina kila asubuhi anapowasha mashine.

Bosi anataka nifungue akaunti mpya, nihamishe barua za zamani, halafu nifute ya kwanza, kwa kuwa ndivyo wanavyofanya siku zote. Mimi nasita. Ana barua za miaka mingi, kalenda imejaa vikao alivyoviitisha mwenyewe, wateja wanaijua anwani ile, na mfumo wa malipo anauingia kwa anwani hiyo hiyo. Tuna Active Directory ya ofisini (orodha ya akaunti na ruhusa za wafanyakazi) inayosawazishwa na Microsoft 365, huduma ya mtandaoni yenye barua pepe zetu. Nikitaka kubadilisha jina kule Microsoft 365, mfumo unagoma. Nifanyeje?

mtunza_seva

Usifungue akaunti mpya, na bosi mweleze sababu kwa upole lakini usiyumbe.

Kwa mfumo, mtu hajulikani kwa jina. Akaunti yake ndani ya Active Directory ina vitambulisho vya ndani, objectGUID na SID, na hivyo havibadiliki hata ukimbadilishia jina mara kumi. Ruhusa za mafaili, makundi aliyomo, kisanduku cha barua, vyote vimefungwa hapo. Ukibadilisha jina, yeye ni yule yule. Ukifungua akaunti mpya, kwa mfumo amekuja mgeni asiye na ruhusa hata moja, na utashinda unamtafutia moja baada ya nyingine huku kazi zake zimesimama.

Kuna jingine ambalo wengi hulijua wakiwa wameshafuta. Kwenye barua za ndani ya ofisi, mtumaji hahifadhiwi kwa ile anwani unayoiona. Anahifadhiwa kwa anwani ya ndani ya Exchange, mfumo wa Microsoft unaobeba barua pepe, inaitwa legacyExchangeDN. Ukishakifuta kisanduku cha zamani, mwenzake akijibu barua ya mwezi uliopita itamrudia kwamba haikufika, ingawa anwani mpya inapokea vizuri kabisa. Inarekebishika, unaiongeza ile anwani ya ndani ya zamani kwenye kisanduku kipya, kama anwani ya aina ya X500, lakini hakuna sababu ya kufika huko.

Mfumo unakugomea kwa sababu akaunti inatawaliwa na Active Directory ya ofisini. Badilisha huko huko. Fungua Active Directory Users and Computers, kwenye menyu ya View washa Advanced Features, ndipo utakiona kichupo cha Attribute Editor. Rekebisha jina la ukoo, displayName (jina linaloonekana), userPrincipalName (jina la kuingilia Microsoft 365), sAMAccountName (jina la kuingilia kompyuta) na sehemu ya mail. Kisha proxyAddresses, orodha ya anwani zake zote za barua, na hapa tulia usikimbie. Anwani mpya ianze na SMTP: kwa herufi kubwa, hiyo ndiyo atakayotumia kutuma. Ya zamani ianze na smtp: kwa herufi ndogo, itabaki kupokea tu. Yenye herufi kubwa iwe moja peke yake. Baada ya hapo subiri usawazishaji, kwa kawaida hupita kila dakika 30.

Anwani ya zamani usiifute, wala usije ukampa mfanyakazi mwingine miaka ijayo. Kila tovuti aliyojiandikisha kwa anwani ile itaendelea kumtumia barua huko, pamoja na viungo vya kubadilisha nenosiri. Anayeimiliki anwani ile ndiye anayemiliki funguo zake.

mama_utumishi

Niseme kidogo kutoka upande wetu wa utumishi, maana mambo haya yanapita mikononi mwangu.

Fundi, kabla hujagusa chochote kaa naye umuulize anataka tahajia ipi, jina lipi litangulie, na nani ataarifiwa. Tafadhali usitume tangazo kwa ofisi nzima bila ridhaa yake. Aliyeolewa hufurahi kutangaziwa. Aliyeachana huenda akaulizwa maswali kwenye korido wiki nzima. Ujumbe mfupi kutoka kwake mwenyewe unatosha: "Anwani yangu ya kazi sasa ni hii." Sababu haimhusu mtu.

wa_google

Kwa atakayesoma hapa huku anatumia Google Workspace: kwetu ni rahisi zaidi. Msimamizi akibadilisha jina la mtumiaji, anwani ya zamani inageuzwa yenyewe kuwa ya ziada na barua zinaendelea kuingia. Barua zilizopo hazihami popote. Kabla ya kubadilisha, mwambie mhusika atoke kwenye akaunti kila mahali.

fundi_wa_ofisi

Asanteni sana, nimeelewa, na mama_utumishi nitakaa naye kwanza. Yamebaki mawili. Mfumo wa malipo unamtambua kwa barua pepe, si kwa hivyo vitambulisho. Na kwenye kompyuta yake kuna folda ndani ya C:\Users yenye jina la mume. Niipe jina jipya?

mtunza_seva

Folda usiibadilishe jina kwa mkono. Windows imeandika njia ya folda ile kwenye rejista yake (hifadhi ya mipangilio) na programu nyingi zinaitegemea; ukiibadilisha kienyeji unaweza kumharibia wasifu wake wote, yaani mafaili na mipangilio yake kwenye mashine ile. Kwa watu wengi ningesema iache, watu wengine hawaioni. Lakini huyu amekuomba wazi asilione jina lile, na ombi hilo lina uzito. Hifadhi mafaili yake mahali salama, uhakikishe yanafunguka, kisha futa wasifu ule kupitia System Properties, sehemu ya User Profiles, naye akiwa ametoka kwenye akaunti yake. Akiingia tena, Windows itaunda folda kwa jina jipya. Mpangie siku asiyokuwa na hesabu za kufunga.

Mfumo wa malipo ushughulikie kabla ya mengine yote. Mifumo ya aina hiyo ikiona barua pepe isiyoijua hufikiri ni mtu mpya, inamfungulia akaunti tupu, na historia yake inabaki kwenye ile ya zamani. Zungumza na wenye mfumo wabadilishe anwani upande wao saa ile ile unayobadilisha wewe.

Na mwambie mapema kuhusu OneDrive, hifadhi yake ya mafaili ya mtandaoni. userPrincipalName ikibadilika, anwani ya OneDrive yake inabadilika pia, kwa sababu jina limo ndani yake. Mafaili yako salama, ila viungo vya zamani alivyovihifadhi au kuwatumia watu havitafunguka, atahitaji kutuma vipya. Kwa mhasibu hilo si dogo, huenda kuna majedwali wanayoyafungua wenzake kila siku. Kwenye simu, aondoe akaunti na kuiweka upya.

Fanya asubuhi, yeye akiwepo. Ijumaa jioni usiguse. Mkishamaliza, mwambie akutumie barua, halafu mtu wa nje aandike kwa anwani zote mbili. Angalia pia sahihi iliyo chini ya barua zake, hiyo haibadiliki yenyewe.