Membreni ya "nano" kwa kisima chenye floraidi, Maji ya Chai: tununue?

MwekaHazina_Arumeru
Habari zenu wakuu. Ni mweka hazina wa kamati ya maji huku Maji ya Chai. Kisima chetu kirefu hakikauki, ila majibu ya maabara yanasema floraidi ni miligramu 12 kwa lita. Watoto wetu mnawajua kwa meno, na wapo ambao miguu imepinda. Kuna muuzaji katufuata na mashine ya RO, ile inayosukuma maji kwa shinikizo kupita kwenye membreni, yaani utando unaozuia chumvi. Anasema membreni yake ni mseto, plastiki iliyotiwa chembe ndogo mno za nano, inatoa maji mengi kwa umeme kidogo na haitaki vichujio vya awali. Akatumbukiza kipimo cha TDS (jumla ya chumvi zilizoyeyuka majini) mbele ya wajumbe, namba ikaporomoka, watu wakapiga makofi. Mimi roho inasita, hela yenyewe ni michango ya wanakijiji. Huu mseto upo kweli au ni maneno ya biashara?

Fundi_UsaRiver
Dada, mseto upo kweli. Hilo la kutohitaji vichujio ndilo nalikataa.

Membreni ya kawaida ya RO ina tabaka la poliamaidi, aina ya plastiki, jembamba mno, nanomita 100 hadi 200 hivi, limelazwa juu ya plastiki yenye vinyweleo inayolibeba. Kazi yote ya kuzuia chumvi inafanywa na hilo tabaka. Mwaka 2007 kundi la mtafiti Eric Hoek pale chuo kikuu cha UCLA, Marekani, lilichapisha matokeo ya kutia chembe za zeolaiti ndani yake. Zeolaiti ni madini yenye vitundu vya ukubwa wa molekuli. Maji yakapita kwa wingi zaidi kwa shinikizo lile lile, na chumvi ikaendelea kuzuiwa. Kampuni ya NanoH2O ikaziingiza sokoni, LG Chem ikainunua 2014. Kwa hiyo faida ya umeme inawezekana kabisa.

Lakini mimi nafunga na kukarabati mashine hizi ukanda huu wa Meru. Membreni iliyokufa naichana kwa kisu na kuikunjua mezani. Upande maji yanakoingilia unakuta tope la kahawia. Upande wa kutokea unakuta silika, madini yale yanayounda mchanga, imeganda kama ukoko wa wali, ukipitisha ukucha inakwaruza, na asidi ya kusafishia haiitoi. Maji ya miamba ya volkano ndivyo yalivyo. Chembe za nano hazizuii tope wala silika. Na kama mnatia klorini kwenye tenki kabla ya mashine, klorini inaila poliamaidi, iwe na zeolaiti au isiwe nayo. Kichujio cha mchanga, cha kaboni, katriji, na dawa ya kuzuia silika isigande: bila hivyo msinunue.

La pili, kipimo cha TDS hakiioni floraidi. Kinapima jinsi maji yanavyopitisha umeme, yaani chumvi zote kwa jumla, na maji yetu yamejaa magadi. Namba inaweza kushuka sana huku hamjui floraidi imebaki kiasi gani. Mdai kipimo cha floraidi yenyewe, na kiwe chini ya miligramu 1.5.

La tatu ndilo linaloniuma, maana wauzaji hawalisemi. Tuseme mashine inazuia asilimia 95 ya hizo miligramu 12 zenu: maji ya kunywa yatatoka na 0.6, safi kabisa. Ila kama nusu ya maji inatoka kama mabaki, floraidi yote inakimbilia huko, na mabaki yanakuwa na zaidi ya miligramu 23 kwa lita. Nimeona bomba la mabaki limeelekezwa kwenye hori la ng'ombe. Ng'ombe naye anaharibika meno na mifupa! Muulizeni muuzaji mabaki yanakwenda wapi kabla ya kumuuliza bei. Bwawa lililotandikwa nailoni nzito, lenye uzio, liingie kwenye bajeti.

Na waambieni akina mama, kuchemsha hakuondoi floraidi. Maji yakipungua sufuriani inazidi kukolea. Magadi ya kulainishia maharage nayo yanaiongeza.

Kijana_Biogesi
Shikamoo fundi. Samahani kudandia uzi wa dada. Nina mtambo wa biogesi wa samadi, nikasoma kwamba membreni mseto zinatenganisha kabonidayoksaidi na methani. Naweza kufunga nyumbani?

Fundi_UsaRiver
Marahaba. Kanuni ni ile ile. Plastiki ikipitisha gesi kwa kasi, inachagua vibaya. Ikichagua vizuri, inakuwa ya polepole. Mtafiti Robeson aliuchora mpaka huo kati ya kasi na kuchagua mwaka 1991, na watafiti wanatia chembe zenye vitundu kama ZIF-8 ili wauvuke. Molekuli ya kabonidayoksaidi ina nanomita 0.33, methani 0.38, na kitundu cha ZIF-8 kiko katikati ya hizo. Shida ni pale chembe isipoishika plastiki: panabaki upenyo kuizunguka, na gesi zote mbili zinapita hapo bila kuchaguliwa.

Kwa jiko la nyumbani hauhitaji, kijana wangu. Utalazimika kununua kompresa ya kuisukuma gesi, na kabonidayoksaidi haizuii moto kupika. Kinachokula jiko lako ni haidrojeni salfaidi, ile yenye harufu ya yai viza. Pitisha gesi kwenye bomba lililojaa vyuma vyenye kutu. Membreni ni ya anayetaka kujaza mitungi au kuendesha gari.

MwekaHazina_Arumeru
Asante sana fundi. Nitamwambia muuzaji awashe mashine kisimani kwetu, nichukue sampuli mwenyewe nipeleke maabara. Nichukueje?

Fundi_UsaRiver
Chukua mbili, ya maji ya kunywa na ya mabaki, mashine ikiwa imekwisha kukimbia angalau saa moja. Chupa iwe ya plastiki, floraidi na kioo havipatani. Isuuze kwa maji hayo hayo, ijaze, usitie asidi wala dawa yoyote, andika tarehe na saa juu yake. Muuzaji asiiguse.